SMART kamili, SMART ya haraka au mkanda wa mkono: Kivu Kusini tuchague nini?

Kila mara watu wanapokimbia vijiji vya juu na kushukia Minova, Kalehe au Uvira, mikutano ya lishe hapa Bukavu hurudia swali lilelile: tupime vipi? Mfadhili anataka asilimia. Daktari mkuu wa zoni ya afya anataka kujua aagize makatoni mangapi ya Plumpy'Nut, chakula cha tiba cha watoto. Shirika dogo la mjini, lenye pikipiki mbili na vijana wanne waliosoma lishe, linataka kusaidia ila halijui lianzie wapi. Wote wanaomba uchunguzi, kila mmoja akiwa na wake kichwani.

Naandika kwa yule ambaye mwishoni lazima aamue: msimamizi wa lishe wa zoni, mratibu wa shirika la hapa, mwalimu wa chuo anayefikiria kuwafundisha vijana kazi hii. Nitalinganisha njia za kupima, kisha njia za kupata wapimaji, kwa kuwa ukichagua njia bila kujua nani ataifanya tena mwakani, hujachagua kitu. Msimamo wangu niutangulize: jimbo letu linahitaji timu ndogo ya kudumu inayoijua barabara SMART, njia ya kimataifa ya kupima lishe kwa sampuli, na kuifanya mara chache, huku mkanda wa kupimia mzunguko wa mkono ukifanya kazi kila mwezi mikononi mwa reko (wahudumu wa afya wa jamii) na akina mama. SMART ya haraka ibaki akiba.

SMART kamili

SMART ilianzishwa mwaka 2002, wakati kila shirika lilikuwa linapima kwa mtindo wake na matokeo hayalinganishiki. Mwongozo wa kwanza ulitoka 2006, wa pili 2017, na programu yake ya kompyuta, ENA, ni ya bure. Wanaopimwa ni watoto wa miezi 6 hadi 59: uzito, urefu, mzunguko wa mkono, na uvimbe wa miguu yote miwili. Mtoto ambaye uzito wake kwa urefu uko chini ya -2 (hatua mbili za mtawanyiko chini ya wastani wa watoto wenye afya) huhesabiwa kuwa amekonda, chini ya -3 ni ukondefu mkali. Jumla ikifika 10% hali ni nzito, ikivuka 15% ni nzito sana. Hizo ndizo namba zinazoamua kama jimbo litapata kitu au litaambiwa lisubiri.

Sampuli huchukuliwa kwa hatua mbili. Kwanza vijiji vinachaguliwa kwa bahati nasibu, kijiji chenye watu wengi kikiwa na nafasi kubwa zaidi. Kisha ndani ya kila kijiji zinachaguliwa kaya. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini sensa ya mwisho ya Kongo nzima ni ya 1984. Idadi tunazoingiza kwenye ENA zinatoka kwenye zoni, kwa reko waliohesabu nyumba na kwa makadirio yaliyopandishwa mwaka hadi mwaka. Kijiji kilichokimbiwa kinabaki kwenye orodha na watu wake wote, na kanisa linalolaza familia mia mbili za wakimbizi wa ndani halimo kabisa. Mtu anayeijua zoni atairekebisha orodha kabla ya kubonyeza kitu. Mgeni ataipokea kama ilivyo, na kosa hilo hakuna programu itakayoliona.

Ukubwa wa sampuli ndio watu hubishania zaidi, basi tuuhesabu. Tuseme ukondefu halisi ni 10%, na athari ya vishada (kosa linaloongezeka kwa kuwachukua watoto kijiji kwa kijiji) ni 1.5. Ukipima watoto 600, jibu lako litakuwa na upana wa kutoka 7 hadi 13. Ukipima 200, utapata kutoka 5 hadi 15, yaani kuanzia hali isiyomshtua mtu hadi hali ya kupiga king'ora. Anayekuambia "pimeni watoto mia mbili tu, tunahitaji asilimia haraka" anakuomba namba ambayo haitamsaidia kuamua.

Bado hiyo si sehemu ngumu. Ugumu uko mkononi mwa mpimaji. Chukua zoni ambako wastani wa uzito kwa urefu ni -0.6 na mtawanyiko wa kawaida (jinsi namba zinavyosambaa kuzunguka wastani) ni 1.0: ukondefu unatoka kama 8%. Sasa wape kazi wapimaji wazembe, wanaoongeza hapa na kupunguza pale, mtawanyiko upande hadi 1.2. Wastani haujabadilika, watoto ni walewale, ila ukondefu umekuwa 12%. Upimaji mbaya mara nyingi hukuza njaa, na kwa kuwa namba kubwa huleta fedha, hakuna anayeharakisha kuuliza. Ndiyo maana SMART inataka mtawanyiko ubaki kati ya 0.8 na 1.2, na ENA hutoa alama ya ubora: 0 hadi 9 ni nzuri sana, 10 hadi 14 nzuri, 15 hadi 24 inakubalika, 25 kwenda juu ina shida. Ukiletewa ripoti, kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza nenda kwenye kiambatisho utafute alama hiyo. Isipokuwepo, umeshapata jibu.

Dawa ya mkono mbaya ni jaribio la usawazishaji. Watoto kumi wanaletwa kituoni, kila mpimaji anawapima wote mara mbili bila kuiona karatasi yake ya kwanza. Kufikia mtoto wa tatu ua mzima unalia. Msaidizi anashika kichwa kwenye ubao wa kupimia urefu, mpimaji anabana magoti kwa mkono mmoja na kusogeza kibao cha miguuni kwa mwingine, mama anamwimbia mtoto sikioni. Ndipo tabia inajitokeza. Ukichukua karatasi ya aliyechoka unasoma 76.0, 81.5, 69.0, 84.5, 72.0: watoto wote wa Mungu wanaishia sifuri au tano. Mwenzake aliyeandika 76.3, 81.4, 68.8 ndiye wa kwenda naye uwanjani, hata kama ni mwanafunzi na yule wa kwanza ni bosi wake. (Kwa milima yetu, ongezeni kipande cha mbao imara kwenye vifaa. Mizani inataka sakafu tambarare, na kuna mitaa ya Kadutu, hapa Bukavu, ambako hutaipata hadi jioni.)

Umri nao una kazi yake. Kadi ya chanjo ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, mnatumia kalenda ya matukio:

— Mama, mtoto alizaliwa lini?
— Alizaliwa ile wakati ya mafuriko ya Nyamukubi.
— Mbele ama nyuma?
— Nyuma kidogo. Tulikuwa tunavuna maharagi.

Mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yalikuwa mwanzoni mwa Mei 2023, maharage yanavunwa kuanzia Juni, basi mtoto ni wa Juni au Julai 2023. Kalenda ya namna hiyo ina mlipuko wa Nyiragongo wa 22 Mei 2021 kwa watu wa Minova na Idjwi, uchaguzi wa 20 Desemba 2023, waasi wa M23 kuingia Bukavu Februari 2025, na mambo madogo zaidi: padri aliyehamishwa, daraja lililobebwa na maji, mwaka ambao mihogo ilioza. Haiwezi kutungwa Toronto wala Kinshasa. Na haiwezi kuhamishwa kutoka Kalehe kwenda Shabunda.

SMART kamili huhesabu pia vifo, kwa kawaida vya miezi mitatu iliyopita. Kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku ndicho kizingiti cha dharura. Mahali penye silaha swali hilo linaweza kumponza anayeuliza na anayejibu. Timu ya hapa inajua kijiji gani haliulizwi, na ni heri ripoti ikose ukurasa.

Kwa gharama: kuanzia kuandika itifaki, kuipitisha, kufundisha, kwenda uwanjani hadi matokeo ya awali, ni wiki kadhaa na makumi ya maelfu ya dola. Usafiri na posho hula sehemu kubwa.

SMART ya haraka

Hapa sitakaa sana. Ni SMART ileile iliyopunguzwa: viashiria vichache, eneo dogo, sampuli ndogo, siku chache. Inafaa penye watu waliobanana na mahali pa kuingilia pachache, mfano kituo cha waliokimbia vita au mji mdogo uliofunguka juzi baada ya mapigano. Faida yake ni kwamba unaingia na kutoka kabla barabara haijafungwa. Kasoro yake nimeshaihesabu hapo juu, upana wa jibu. Watu wengi huichagua kwa kuwa inaonekana rahisi, wakati inadai wapimaji bora kuliko SMART kamili: huna siku za kuwarekebisha, na kwenye watoto wachache kila kosa lina uzito. Timu isiyofaulu SMART kamili isiguse hii.

Mkanda wa mkono

Mkanda wa MUAC (mzunguko wa mkono wa juu), nyekundu chini ya milimita 115, njano hadi 125, kijani juu yake, ni kitu ambacho reko anakunja mfukoni. Haudai sakafu, hauhitaji umeme, mtoto hulia kidogo tu. Mama mwenyewe anaweza kuutumia. Njia hiyo ilijaribiwa Niger zaidi ya miaka kumi iliyopita na imeenea hadi kwetu. Nguvu yake ni moja kubwa: unampata mtoto na unampeleka kituoni siku hiyohiyo. SMART haimtibu mtu yeyote, isipokuwa wale wachache walioangukia kwenye sampuli na kupewa karatasi ya rufaa.

Tatizo huja pale tunapoutaka mkanda utoe asilimia ya jimbo. Reko amepima watoto waliofika kwenye ugawaji wa chakula, au walioletwa kwa sababu ni wagonjwa, au wa mtaa wake tu kwa vile mvua ilinyesha. Mwezi unaofuata mtoto yuleyule anahesabiwa tena. Ni sawa na kutaka kujua bei ya unga jimbo zima kwa kuuliza duka moja la Kadutu. Kisha mkanda na uzito kwa urefu haviwaoni watoto walewale. Mkanda huwanasa zaidi wadogo wa umri na waliodumaa, na Kivu imejaa watoto waliodumaa. Utafiti wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta udumavu kwa 43% ya watoto wa nchi nzima, na ukondefu kwa 8%. Kwa hiyo asilimia ya mkanda isiwekwe kwenye safu moja na asilimia ya SMART, wala zisilinganishwe mwaka kwa mwaka. Nimeona ripoti zikifanya hivyo bila hata kuandika tofauti chini ya jedwali.

Unachoweza kuamini kwenye mkanda ni mwenendo, ikiwa wapimaji ni walewale, mitaa ni ileile, na siku ni ileile ya mwezi. Nyekundu zikiruka mara mbili ndani ya miezi miwili katika eneo moja la afya, usisubiri mkutano. Huko ndiko mfumo wa PRONANUT, mpango wa taifa wa lishe, wa uangalizi wa lishe na tahadhari ya mapema unakotaka kufika, na unafika pale tu reko wanapolipiwa nauli yao.

Halafu kuna bwaki, yaani kwashiorkor, utapiamlo wa kuvimba. Kivu Kusini si Sahel. Huko watoto hukonda. Kwetu wengi huvimba. Taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 ilijenga kituo chake Lwiro, na hospitali ya watoto ya pale imetibu na kuchunguza bwaki kwa vizazi. Mtoto mwenye bwaki amejaa maji: mizani inamwonyesha mzito kuliko alivyo, na mkanda unaweza kusoma kijani. Reko aliyefundishwa mkanda pekee atampita. Basi mafunzo ya mkanda hapa lazima yawe na kidole gumba: bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili, hesabu taratibu sekunde tatu, achia, tazama kama shimo limebaki. Mguu mmoja hauhesabiki. Na kwenye SMART, hakuna uvimbe unaoandikwa kabla msimamizi hajauona kwa macho yake, kwa sababu miguu minono ya mtoto mwenye afya imeshapandisha asilimia za zoni zaidi ya moja. Kwa bwaki ninaamini zaidi daftari za vituo vya afya kuliko uchunguzi wowote: kwenye watoto 500 utapata wachache mno wa kutoa hesabu, wakati daftari la kituo linakuonyesha wote waliofika, mwezi kwa mwezi.

Nani apime?

Njia ya kwanza ni kumwita mtaalamu kutoka nje kila dharura inapozuka. Anajua kazi, ripoti inatoka safi, na faida yake ambayo hatupendi kuitaja ni kwamba hana shemeji kwenye zoni. Namba ya vifo ikiwa nzito, ni afadhali itoke kinywani mwake kuliko kwa muuguzi atakayebaki kijijini. Lakini anapoondoka, faili la ENA linaondoka kwenye kompyuta yake na kalenda ya matukio pia. Mwaka 2025 ulituonyesha udhaifu wa kutegemea nje: FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa, ilizimika Januari, mpango wa DHS wa tafiti za afya za kaya ukasimamishwa Februari, vyote kwa fedha ya Marekani iliyokatwa, na mwezi huohuo wa Februari vita vilipofika Bukavu, ndege ya Kinshasa–Kavumu ikakatika. Mtaalamu angeweza kuwa hodari kuliko wote na asifike.

Njia ya pili ni chuo. Bukavu kuna shule ya afya ya umma ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Lubumbashi na Kinshasa nazo zina zao. Wanafunzi wana macho mapya na ENA haiwatishi. Ila wanahitimu na kuondoka, na kalenda ya mitihani haijui dharura. Chuo ningekipa jukumu la kutunza: mbao za urefu zilizohakikiwa, mizani, mafaili ya uchunguzi wote uliopita, kalenda za matukio kwa kila zoni, na mwalimu mmoja wa kusoma alama za ubora bila upendeleo.

Ya tatu, ninayoipendelea, ni timu ya jimbo: PRONANUT ya jimbo pamoja na wasimamizi wa lishe kutoka zoni kadhaa. PRONANUT ipo tangu 2000 na ina ofisi zake majimboni. Nchi ina zoni za afya 519, hivyo ndoto ya kufundisha kila mtu tuiache. Watu sita wanaoweza kuongoza uchunguzi kuanzia itifaki hadi ripoti, na ishirini hivi wanaopima vizuri, wanalitosha jimbo hili.

Timu za namna hii hufa kwa sababu mbili zinazojulikana. Mafunzo yakitangazwa na perdiem (posho ya siku), anakuja mkubwa wa ofisi. Anayeshika ubao anabaki kijijini. Dawa ni kualika kwa matokeo ya jaribio la usawazishaji, siyo kwa barua. Sababu nyingine ni kwamba aliyefunzwa vizuri huchukuliwa na shirika la kimataifa lenye mshahara mara nne. Humzuii. Unachoweza kufanya ni kuandikiana na shirika hilo kabla, kwamba jimbo likimhitaji atoke wiki tatu kwa mwaka. Mashirika mengi yatakubali, maana nayo yanahitaji namba zinazoaminika.

Kwa hali yako

Familia zimeingia shuleni na kanisani jana usiku: usichukue sampuli. Pima mkono wa kila mtoto, bonyeza miguu, wapeleke wanaohitaji. Asilimia itasubiri.

Zoni imefungwa miezi mingi, imefunguka, na huna fununu ya kilichotokea ndani: SMART ya haraka, kama timu ipo. Kama haipo, mkanda nyumba kwa nyumba katika vijiji vichache vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uandike wazi kwamba ni mkanda.

Mfadhili anataka namba ya kuanzia na ya kumalizia mradi, au jimbo linajiandaa kwa uchambuzi wa IPC (upangaji wa viwango vya uhaba wa chakula): SMART kamili, msimu uleule wa mwaka mara zote mbili. Ukipima Novemba wakati wa njaa ya kabla ya mavuno na kurudia Julai baada ya maharage, umepima mvua.

Na kama kila mtu mezani anakubali hali ni mbaya, vituo vimejaa, na uamuzi wa kuleta msaada umeshapita, uchunguzi wa nini? Nunueni maziwa ya tiba.

Fedha ikitosha jambo moja tu mwaka huu, mimi ningeiweka kwenye usawazishaji: mbao mbili za urefu, mizani tatu, watoto kumi wa kituo cha jirani, wapimaji kutoka zoni tano au sita, kila baada ya miezi sita, hata kama hakuna uchunguzi unaosubiriwa. Majina ya waliofaulu na namba zao za simu yabandikwe ofisi ya lishe ya jimbo, ili siku Fizi au Shabunda itakapopiga, aliyeko zamu ajue amtafute nani.